Safari ya Nyungwe Siku ya Sabato

Waliohudhuria: Bwana Kamanzi, naibu mkuu wa shule, Bi Pudentienne, mwalimu wa Kifaransa, Usumani wa Biryogo, mwalimu wa Kiswahili, Kenny, mwalimu wa michezo, na mimi Mukankusi, mwalimu wa biolojia na mwandalizi wa safari. Hakuna aliyekosekana.

Jambo la kuamuliwa lilikuwa moja: siku ya kwenda kutembea katika msitu wa Nyungwe na kurudi Kigali siku hiyo hiyo. Mengine nilikwisha kuyapanga. Basi lilipatikana, mwongozaji alithibitisha, njia niliyoichagua ilikuwa fupi, ya kuwafaa hata wenye magoti mabovu kama mimi, na kila mmoja alielezwa abebe koti la mvua hata jua likiwaka. Miaka mingi nimeufundisha msitu huo kwa picha ya ukutani. Mwezi wa saba ninastaafu. Nilitaka niuone kwanza, tena pamoja na wenzangu.

"Jumamosi," Kenny akasema kabla sijaketi. "Ile ya katikati ya mwezi haina umuganda, hakuna kuitwa kazi za jamii. Barabara iko wazi."

"Jumamosi ni Sabato, Kenny. Nasali," nikamjibu.

"Ah, mama! Siku moja tu. Mungu iko naita majina kila asubuhi kama wewe?"

Wakacheka. Nilicheka nao, kisha nikapendekeza Jumapili.

Bi Pudentienne akaweka kikombe mezani. "Na misa, dada? Mie toka Bujumbura sijakosa misa, hata risasi zikilia."

"Mkimaliza kugawana siku," Usumani akasema, "mniachie Ijumaa yangu, jamani. Msije mkaisahau."

Nikaitaja sikukuu ya uhuru, tarehe mosi Julai. Bwana Kamanzi akatikisa kichwa: sikukuu ni ya watoto wake, alikwisha kuwaahidi.

Hapo Usumani akaacha mzaha. "Lakini Mukankusi hata umuganda hufanya Jumapili, yeye na wenzake wa kanisa. Serikali imewapangia siku yao. Serikali imeweza, sisi watu watano tushindwe?"

"Serikali haina bweni," Bwana Kamanzi akajibu. "Jumamosi kuna walimu wa masomo ya ziada. Jumapili nani atabaki na wanafunzi? Zamu ni ya Mukankusi."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu asomaye ratiba. Zamu hiyo niliiomba mwenyewe nilipofika shuleni, ili wenzangu waende kanisani bila wasiwasi. Nimewaamsha watoto, nimesimamia uji wao, nimeketi na wenye homa, huku kengele ya kanisa la chini ikiwaita wengine. Nilidhani ni zawadi. Kumbe mtu akitoa zawadi kila wiki, wapokeaji huihesabu kuwa mali yao, na siku moja humfungia mlango kwayo.

"Usihuzunike, dada," Bi Pudentienne akasema, akinishika mkono. "Tutakuletea picha. Nyingi."

"Na video, mama," Kenny akaongeza. "Nyani wote utawaona ukiwa umekaa kwa kiti."

"Mbega," nikasema. "Wale weusi wenye mabega meupe huitwa mbega."

"Hao hao."

Bwana Kamanzi akaitisha kura. Mikono mitatu ilinyooka kutaka Jumamosi. Usumani hakuunyoosha wake. Akawa anaisugua meza kwa kidole palipomwagika chai.

Nilingoja mikono ishuke, maana mkutano una taratibu zake. Kisha nikasimama.

"Jumamosi imekubaliwa," nikawatangazia. "Basi lipo, mwongozaji yupo, Kenny nitamkabidhi namba zao leo. Nami nina uamuzi wangu, naomba usikilizwe na wote. Kuanzia wiki hii sitashika tena zamu ya Jumapili. Na Jumapili itakayofuata safari yenu, mimi nitakuwa Nyungwe. Pangeni wenyewe nani atakosa misa."