Sabato Kwenye Mikoko

Mimi ndiye niliyeanzisha klabu ya mazingira ya shule yetu pale Ogembo. Barua ya kuomba tupokewe Kwale kupanda mikoko niliiandika mimi, nikaiandika tena mara tatu, kisha nikangoja miaka miwili. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba ile safari ilikuwa matembezi tu.

Baba yangu, Obadiah, ni mzee wa kanisa la Waadventista. Aliniruhusu kwa sharti moja.

"Siku ya Sabato hutagusa kazi, Mokeira. Hata wenzako wote wakifanya."

"Ndiyo, Tata," nilijibu. Ratiba ilisema tungepanda Ijumaa.

Ijumaa basi liliharibika njiani, tukafika jua likiwa limeshazama. Bi Mwanakombo, mama anayesimamia upanzi huo kijijini, alituambia kwamba maji yangekupwa kesho yake, siku ya Sabato, saa nne asubuhi. Jumapili tulikuwa tunarudi. Mwalimu Ochoki, mlezi wa klabu, alinivuta kando.

"Amua mwenyewe," akasema. "Hapa baba yako hayuko."

Niliamua kama mtoto mwema. Wenzangu walizama matopeni hadi magotini, wakichomeka zile mbegu ndefu za mkoko na kuchekana wakianguka. Mimi nilikaa kivulini na gauni langu la kanisa, Biblia mapajani, nikisoma mstari mmoja mara ishirini bila kuuelewa.

"Mwanangu, waumwa?" Bi Mwanakombo aliniuliza.

"Hapana. Ni Sabato."

Alifikiri kidogo. "Haya. Lakini maji hayatakungoja."

Hayakuningoja. Kufikia saa saba yalikuwa yamefunika matope yote, na mguu wangu haujagusa hata tone la tope. Nililia, wala sioni haya kusema. Jioni wote walipewa vyeti isipokuwa mimi, maana vyeti viliandikwa "ameshiriki kupanda", na Mwalimu Ochoki si mtu wa kuandika uongo.

Nyumbani, Jumanne, nilikuwa nikichuma chai na jirani yetu Nyakerario. Ni mwanamke asiyeweza kuweka habari tumboni.

"Wewe ulikosa vituko," aliniambia. "Lori ya kiwanda cha chai haikuja Ijumaa. Ilikuja Sabato asubuhi. Watu walibeba majani wamevaa nguo za kanisa. Baba yako ndiye alikuwa wa kwanza kwa laini."

Mikono yangu iliacha kuchuma. Nilimngoja Baba hadi alipokaa kunywa chai yake ya jioni, nikamuuliza kama ni kweli.

"Majani yangeharibika," alisema. "Wiki nzima ya kazi. Lori haingoji mtu."

"Na bahari ilingoja, Tata?"

"Usinijibu hivyo." Akavaa kofia, akatoka. Mkuki kwa nguruwe, nilijisemea, na chai yake ikapoa mezani.

Alichosahau ni kwamba alikuwa ameshawasimulia wazee wenzake habari zangu kwa majivuno. Sabato iliyofuata niliitwa mbele, binti wa Mzee Obadiah, niwaeleze vijana jinsi nilivyomheshimu Mungu ugenini.

Nikasimama, nikaeleza yote: barua, matope, gauni, cheti. Walinisikiliza kwa upendo, na kila nilipopumua waliitikia amina. Kisha nikamalizia.

"Haikuwa vigumu," nikasema, "kwa sababu nilijua ninyi nyote mngefanya vivyo hivyo. Hata kama lori la majani lingekuja siku ya Sabato, mngeliacha lipite."

Kanisa letu ni la amina nyingi. Hata tangazo la gari lililoegeshwa vibaya hupata amina yake. Nilisimama pale nikaingoja, na haikuja. Nyakerario alikohoa. Baba, kwenye benchi la mbele, aliinama akaanza kufunga upya kamba za viatu vyake.