Karatasi Inayotakiwa Houston

Gaudiose alikuwa anajifunza kushika kalamu kwa mkono wa kushoto. Aliikamata kama mwiko, kwa ngumi nzima, huku mkono wa kulia umelazwa juu ya meza ya ofisi, umefungwa bendeji nene hadi kwenye kiwiko. Kule nchani, mahali pa vidole, bendeji ilikuwa imelowa na kugeuka rangi ya kahawia.

"Jaribu kwa hii karatasi tupu kwanza," Gichuki alimwambia kwa upole. "Hata ukiandika G peke yake, inatosha."

Truphosa aliyakuta hayo alipofika mlangoni, aproni kiunoni, masikio bado yakivuma kelele za kiwanda. Walikuwa wamemtoa kazini saa nne asubuhi bila kumwambia sababu. Kiwanda hicho, pembeni mwa Fort Worth, kilifua mashuka ya hospitali, na yeye na Gaudiose walikuwa wakisimama ubavu kwa ubavu kwenye mashine ya kunyoosha. Jana mashine hiyo ilikuwa imeumeza mkono wa Gaudiose pamoja na shuka.

"Truphosa, karibu, keti," alisema Gichuki. Alikuwa Mkenya mwenzake, mtu wa ofisi ya wafanyakazi, mzee wa kanisa huko Irving, shati limepigwa pasi likapigika. Alimwonyesha Gaudiose kwa kidevu. "Si unaona vile Mama Carmen anaumia? Daktari wa mkono anamngoja saa saba. Lakini lazima tu-confirm kwamba tutalipa. Nikipata hii form imekuwa signed, napiga simu sasa hivi. Houston wanaitaka kabla ya saa sita."

"Na mimi naingia wapi?"

"Um-explain-ie, halafu u-sign hapa chini kama witness."

"Kwani wewe Kiswahili umekisahau lini?"

Gichuki alicheka kicheko cha ofisini. "Mimi ni management. Policy hairuhusu."

Sera nzuri ajabu hiyo. Kila kitu kilitendwa na Gichuki, na jina la Gichuki halikuwa popote.

Truphosa aliivuta karatasi. Ilikuwa na mistari mitano ya Kiingereza, na ilisema kwamba mimi, mwenye jina lililoandikwa hapa, niliondoa kinga ya mashine kwa hiari yangu, kinyume na mafunzo niliyopewa, na kwamba sina dai lolote kwa kampuni. Aliisoma mara mbili. Alikuwa mwalimu wa darasa la sita Vihiga kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kubahatika kwenye bahati nasibu ya green card, na hakuna mtoto aliyewahi kumpitishia uongo wa wazi namna ile.

Kinga ilikuwa chuma chembamba mbele ya silinda za moto. Kidole kikikigusa, mashine inasimama. Wiki iliyopita, hospitali zilipozidisha oda, ilikuwa ikisimama kila mara, na msimamizi wa zamu akachoka. Alikiinua chuma kile, akaomba kitu cha kukifungia juu. Truphosa ndiye aliyechana ukanda wa shuka kuukuu akampa. Alimpa huku anatabasamu, Mungu amsamehe, maana naye alikuwa amechoshwa na kusimamasimama kule. Tangu jana kila akifumba macho aliuona mkono wake mwenyewe ukiunyoosha ukanda ule.

"Usisome kama mtihani," Gichuki alisema. "Mwambie tu ni ya kumpeleka daktari. Na si uongo."

"Mwalimu," Gaudiose alisema. Hakuwahi kumwita jina jingine. "Nipe nitie dole, twende. Karatasi haikataliwi. Kule kambini Kigoma mama mmoja aliuliza karatasi inasema nini, wakamruka. Mwezi mzima hakupata posho."

"Hii si ya posho, Mama Carmen."

"Zote ni za posho."

Alikuwa Mrundi wa miaka hamsini na kitu, na nusu ya maisha yake aliyaishi kwa dole gumba: dole kwa unga, dole kwa mafuta, dole la kuingia kwenye ndege ya kuja Marekani. Kukataa karatasi, kwake, kulikuwa ni kujifuta kwenye orodha ya walio hai. Gichuki alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana hakuwa na haraka.

Truphosa alimtazama yule mama. Miaka miwili nyuma, binamu yake wa DeSoto alipomtolea mabegi nje, Truphosa alikuwa analala kwenye kiti cha chumba cha mapumziko humu kiwandani, anaoga kwenye sinki. Gaudiose hakumuuliza lolote. Siku moja alimwekea ufunguo ndani ya kopo la chakula, juu ya maharage, akasema, "Utalala na binti yangu Carmen. Anapiga mateke, uvumilie." Alikaa miezi tisa katika nyumba ile ya Haltom City, na hakuna siku aliyooneshwa kwamba amezidi.

"Inasema umejiumiza mwenyewe," alimwambia. "Inasema kinga uliifungua wewe, kwa kupenda kwako, na huwadai kitu. Leo wanakulipia daktari wa saa saba. Kesho mkono ukikataa kufanya kazi, hawakujui."

Gaudiose aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Kalamu ilibaki imesimama kwenye ngumi.

"Mimi? Kwa kupenda kwangu?"

"Wewe."

"Truphosa!" Upole wa Gichuki ulikuwa umeisha. "Nimekuita kusaidia, si kuchochea. Na nilikuwa nataka nikuambie kitu kizuri." Alimgeukia Gaudiose sasa, na Kiswahili chake, kilichokatazwa na sera, kikamtoka chenyewe bila shida. "Mama, huyu rafiki yako tunataka kumpa usimamizi wa zamu ya mchana. Anahitaji payslip nzuri ndiyo alete watoto wake kutoka Kenya. Wewe wajua. Lakini karatasi hii isipokwenda Houston, mimi nitamsaidiaje?"

Hapo ndipo alipopiga penyewe. Kampuni haikuwa na bima ya ajali kazini, na Texas haimlazimishi mwajiri kuwa nayo. Ilikuwa na mpango wake yenyewe, ulioendeshwa na watu wa Houston wasioonekana sura, na walichotaka wao kilipatikana kwa njia hii: kwa kumtafuta mtu anayempenda mwenzake na kumfinyia hapo.

Gaudiose alivuta karatasi kwa kiwiko cha mkono mgonjwa. Uso ulimkunjamana kwa maumivu.

"Unafanya nini?" Truphosa aliuliza.

"Naandika. Mkono umeshakwenda. Watoto wako bado."

"Mama Carmen, wacha."

"Wewe wacha! Miaka mitatu hujawaona. Mimi wangu ninaye, kila siku ananijibu *whatever, Mama*. Nikiandika, wewe unapanda cheo na mimi napata daktari. Shida iko wapi?"

"Shida ni kwamba ni uongo, na nitaula na wanangu kila siku."

Walivutana kalamu juu ya meza kama watoto wa darasa moja, wote wawili machozi yakiwatoka, na Gichuki akageuza macho dirishani kana kwamba ameona kitu cha aibu. Truphosa alishinda, maana yeye alikuwa na mikono miwili. Alikata mistari yote mitano, mmoja mmoja. Chini yake akaandika kwa Kiingereza, kwa ule mwandiko wa ubaoni: Kinga iliinuliwa kwa amri ya msimamizi wa zamu. Ukanda wa kuifungia nilimpa mimi. Mwenzangu hakugusa. Akatia saini, tarehe, na jina lake kamili.

"Umeiharibu hiyo form," alisema Gichuki.

"Nimeisahihisha. Peleka Houston."

"Unajua umejiandikia nini? Umekubali makosa. Wewe ndiye watakayemlaumu."

"Wanilaumu. Angalau mimi nilikuwepo."

Gichuki alinyoosha kiganja. "Badge." Truphosa aliivua beji yake shingoni akampa. Kisha, bila kuambiwa, Gaudiose naye aliivuta yake kwa meno na mkono wa kushoto, akaiweka juu ya meza karibu na simu.

"Hujafukuzwa, mama," Gichuki alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu. "Si wewe. Ukitoka sasa, siwezi kupiga hiyo simu."

"Hata ningekaa, ungepiga simu ya uongo," Gaudiose alisema, akainuka.

Walifika kliniki ya mkono saa saba kasoro dakika kumi, kwenye Corolla ya Truphosa isiyokuwa na kiyoyozi. Dada wa mapokezi alitafuta kwenye kompyuta, akatafuta tena. Asubuhi miadi ilikuwa bado ipo. Kampuni ilikuwa imepiga simu kuifuta, nusu saa iliyopita.

"Mpasueni leo, au vidole hivi viwili haviponi," Truphosa alisema. "Daktari wenu mwenyewe aliandika jana. Soma hapo."

"Ninaona, ma'am. Lakini nani atalipa?"

"Andika jina langu."

"Wewe ni ndugu yake?"

"Andika."

Dada yule alisema hawezi, alisema pole, alisema kuna chumba cha dharura mjini ambako foleni huwa ndefu lakini hawamrudishi mtu. Alisema hapa hawaruhusiwi kukaa kama hawana miadi.

Walikaa. Walichagua viti vya mbele kabisa. Damu mbichi ilikuwa imeanza kupenya bendeji na kudondoka kwenye zulia, na Truphosa akakumbuka nesi wa jana alivyosema, kwamba mkono uwe juu kuliko moyo. Akauinua. Aliushika kwa mikono yake yote miwili na kuunyoosha juu katikati ya ukumbi ule, mbele ya watu na magazeti yao, hadi mabega yakaanza kumuuma. Mlinzi alikuwa anakuja kutoka kwenye lifti. Saa ya ukutani ilifika saa saba kamili, mlango wa daktari ukafunguliwa, nesi akatazama mkono ule ulioinuliwa, kisha akatazama karatasi yake ya majina, na akaita jina la mtu mwingine.