Matusi kwa Ajili ya Koo la Don Saturnino

"Enyi wananchi watukufu wa Qollpa, wake kwa waume, wenye meno na msio nayo! Kamati Kuu ya Kurudisha Sauti ya Don Saturnino Huillca inawatangazia kwamba Krismasi hii hakuna atakayeingia uwanjani kumpasua mwenzake uso bila kwanza kununua kadi za kuku!"

Maneno hayo niliyatamka kwa kipaza sauti cha muuza gesi, nikiwa nimesimama juu ya mitungi yake. Kamati Kuu ilikuwa mimi, mama yangu, na beseni la kuku walionyonyolewa. Kabla sijamaliza, mbwa akaondoka na paja la kuku, na mama akanirushia kandambili ya tairi.

"Shuka hapo, Yerson! Ndicho mapadre wanachokufundisha huko bwenini? Kubwabwaja?"

Don Saturnino ni rafiki wa baba tangu wakiwa watoto wa kuchunga kondoo, na ndiye aliyenibeba siku ya ubatizo. Saratani ilimwingia kooni. Madaktari wa mjini Arequipa waliitoa, na sauti wakaitoa pamoja nayo. Wakamrudisha mzima, ana tundu shingoni lililofunikwa kitambaa cheupe. Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kukaa kimya. Yeye alikuwa mfundisha farasi, na farasi aliwafundisha kwa sauti tu, bila mjeledi. Tangu arudi, madume machanga ya farasi hayakumjua. Moja lilimvunja mbavu kwa sababu hakuweza kuliambia "simama". Mwaka Mpya mnunuzi angekuja kuwachukua farasi wote, isipokuwa kama tungepata fedha za kile kifaa cha kubana shingoni kinachompa mtu sauti, hata kama ni sauti ya redio mbovu.

Tukaamua kupika kuku, kama kila mtu anavyofanya akipatwa na ugonjwa. Unanunua kadi, siku ikifika unakuja kula sahani yako. Tatizo ni kwamba mwezi ule kila nyumba ilikuwa na kadi za mgonjwa mwingine. Kadi zetu hazikutoka.

Ndipo nikapata wazo la kutoza ngumi kodi. Kwetu, asubuhi ya Krismasi baada ya misa, mwenye kinyongo cha mwaka mzima humwita mwenzake uwanjani. Wanakumbatiana, wanapigana, wanakumbatiana tena, na mwaka unaanza safi. Mwamuzi wetu, Don Crisólogo, alikubali papo hapo kwamba mpiganaji anunue kadi kwanza, yeye na ukoo wake, kwa ajili ya koo la Saturnino.

Lakini mvua ilikuwa imenyesha vizuri, viazi vimejaa maghalani, na watu walikuwa wanapendana kwa namna ya aibu kabisa. Vinyongo vilikuwa haba. Nikaona ni wajibu wangu, kama kijana msomi, kuvizalisha.

Siku za kuelekea Krismasi wanaume huzunguka wamevaa vinyago vya sufu, wakiongea kwa sauti nyembamba ya puani ili wasijulikane. Kinyago kinaruhusiwa kusema lolote. Mimi sikuwa na kinyago. Don Saturnino alikuwa nacho ukutani, na juu yake kimeshonewa mwewe aliyekaushwa, mabawa wazi. Niliingia mchana akiwa amelala, nikakitungua. Miaka mitatu ya bweni ilinifanya niamini kwamba kinyago ni kinyago.

Nilianza na mwokaji mikate.

"Fundi," nikamwambia kwa puani, "dereva wa lori anasema mikate yako ndiyo anayozuilia magurudumu mlimani."

"Kasema?"

"Na kasema mkeo ndiye anayekanda unga. Wewe unakandwa tu."

Kutoka hapo nikaenda kwa dereva na salamu za mwokaji kuhusu mama yake. Kisha nikaenda kwa wengine, wawili wawili, kama mwinjilisti. Kila jioni nilikirudisha kinyago ukutani, na kila jioni kadi mkononi mwa mama zilikuwa zimepungua. "Watu wamekuwa na huruma," alisema. Nikaitikia amina.

Mtu wa mwisho alikuwa Wilber Achahui, mchinjaji, bega lake moja ni kama mabega yangu yote. Alikuwa amemzika baba yake mwezi wa sita.

"Wilber," nikamwambia, "wanasema siku ya mazishi ulilipima jeneza kwenye mzani wako, ukasikitika kwamba nyama ile haiuziki."

Alifuta kisu chake kwenye aproni, pande zote mbili, akimtazama mwewe kichwani mwangu. Nilicheka hadi nyumbani.

Krismasi ilikuwa tukufu. Mwokaji na dereva walifungua uwanja. Walikumbatiana, Don Crisólogo akachapa mjeledi chini, na dereva akampiga mwenzake teke la tumbo hadi mkate wa asubuhi ukatoka. Mwokaji akainuka na kumpiga ngumi ya mdomo. Nilisikia meno. Dereva alitema moja, akalitazama kana kwamba analijua, akarudi na kichwa mbele. Walipotenganishwa, nyuso zao zilikuwa kama nyanya zilizokanyagwa. Wakakumbatiana, kila mmoja akamwachia mwenzake damu begani, wakaenda kula kuku kwa upande mmoja wa mdomo. Wawili wengine wakaingia, na wengine. Vumbi la uwanja likawa tope jekundu. Wanawake wawili walinyofoana nywele kwa vishada. Mimi niligawa sahani nikijiona mtakatifu mlinzi wa makoo.

Kisha Wilber akaingia, akavua koti.

"Unamwita nani?" akauliza Don Crisólogo.

"Edilberto Huillca."

Edilberto ni mwana wa pekee wa Don Saturnino. Anafundisha watoto wa chekechea na huvaa miwani mizito. Nikaiweka sahani chini.

"Mimi?" akasema Edilberto. "Kaka, nimekufanyia nini?"

"Mwewe wa baba yako alikuja dukani kwangu akamtukana marehemu. Kijiji kizima kinamjua yule mwewe. Baba yako hana sauti. Sasa niambie, ile nyumba ina midomo mingapi?"

"Sikuvaa kitu mimi, naapa!"

"Ingia, au ubaki huko na matusi yako."

Edilberto angeweza kukataa, na nyumba yao ingekuwa nyumba ya waoga wanaotukana wafu. Alimkabidhi baba yake miwani, akaingia. Wilber alimkumbatia kama anayepima ng'ombe.

Ngumi ya kwanza ilivunja pua. Ya pili ilimpata sikioni, akazunguka. Alirusha ngumi zake kwa adabu, moja ikampata Wilber kifuani, Wilber hakujua. Teke likamkata magoti. Aliyeanguka hapigwi, ndiyo sheria, lakini Edilberto alikuwa anainuka. Kila mara alikuwa anainuka. Jicho likafumba, mdomo ukapasuka hadi ufizi ukaonekana, naye akainuka.

"Lala chini, mwalimu!" watu wakapiga kelele. "Lala, mwanangu, inatosha!"

Don Saturnino alikuwa amefungua mdomo. Mishipa ya shingo ilisimama, kitambaa cheupe kikapepea na kuvutwa ndani, kikapepea na kuvutwa ndani. Alikuwa anamwita mwanawe kwa nguvu zake zote, na hakuna kilichotoka ila upepo.

Basi akaingia mwenyewe. Wilber alikuwa amekwisha kurusha mkono. Ngumi iliyokuwa ya Edilberto ikatua shingoni kwa mzee, pale pale. Akapiga magoti. Kitambaa kikawa chekundu, na pumzi yake ikaanza kukoroma kama maji kwenye bomba.

Wilber alirudi nyuma mikono juu. "Mzee! Mzee, sikukusudia!"

Mama alikuwa wa kwanza kumfikia. Alilifuta tundu kwa upindo wa sketi yake mpaka hewa ikapita. Don Saturnino akavuta pumzi, akainua kichwa, akawapekua watu kwa macho, uso kwa uso, akafika kwangu. Akaninyooshea kidole. Hapo nikajua kwamba mchana ule wa kwanza nilipotungua kinyago hakuwa amelala. Alikuwa ameniona. Hakuwa na sauti ya kuniitia tu.

Don Crisólogo alinikamata ukosi, akanitupa katikati ya tope.

"Wewe?"

"Mimi ni Kamati Kuu tu," nikasema. "Na kinyago nilikivaa mimi."

"Muongo," akasema dereva kupitia pengo lake. "Aliyekuja kwangu alikuwa na sauti nyingine. Huyu mtoto anamkingia Edilberto."

"Basi sema kwa puani," akasema Wilber taratibu. "Tusikie."

Edilberto alikuwa amelala chali akitafuta hewa. Mama alinitazama, upindo wa sketi yake unadondosha damu.

Nikasema kwa puani. Nilirudia la mikate, la mama wa dereva, nikayarudia yote, na kila nililolirudia, mtu mmoja alivua koti. Nilipofika kwa Wilber sauti ile nyembamba ilinikatika, ikabidi nimalizie kwa yangu.

"La jeneza halikusemwa na mtu. Nilitunga mwenyewe. Na si kwa ajili ya koo la Don Saturnino, kaka Wilber. Siku ile kadi zote zilikuwa zimekwisha kuuzwa tangu asubuhi. Nilikuja kwako kwa sababu lilinichekesha."