Mashine Tatu, Mwizi Mmoja

Nyumba aliyotuachia baba hapa mtaa wa Mbunya ina vyumba sita, choo kimoja na mashine tatu za kurekodi picha za kamera. Tatu! Kama kuna nyumba nyingine Bunia yenye ujinga wa kiasi hicho, nionyesheni niende kuwapa pole.

Aliyeanza ni kaka yangu mkubwa, Katsuva, anayefuata samaki Kasenyi na mara nyingine kuvuka ziwa hadi Uganda. Alirudi na mashine kutoka Kampala, akafunga kamera barazani, akasema ni kwa ajili ya wezi. Mdogo wetu Hippolyte akajua mwizi anayesemwa ni yeye. Naye alikuwa na mashine yake tangu alipokaa Kinshasa. Akaagiza iletwe, akafunga kamera kwenye lango. Wakaanza kuchungana: nani kaingia na nani, nani katoka kabeba nini. Ningeweza kucheka na kuwaacha. Badala yake mimi Musoki, mtu mzima na akili zangu, nilinunua ya tatu hapa hapa mjini nikaifunga jikoni, kwa sababu sukari yangu ilikuwa inapungua. Ikaonekana ni Hippolyte anayeichota. Kwa hiyo msidhani nasimulia haya kama mtu safi.

Aliyekuwa anatufulia na kutupikia ni Scholastique, ambaye wote tulimwita Mama Ketsia. Alikimbia mapigano upande wa Bambu. Nyumba yao ilichomwa, shamba likabaki huko, naye akafika Bunia na binti yake Ketsia wa miaka minane na beseni moja. Tulimpa chumba cha nyuma. Mwaka mzima sikupoteza hata kijiko.

Jumanne ile nilirudi saa kumi kutoka sokoni ninakouza vitambaa, viatu vimejaa matope ya mvua. Nikawakuta kaka zangu, watu ambao hawakuwa wamesalimiana tangu Pasaka, wamekaa bega kwa bega mbele ya televisheni ya sebuleni. Walikuwa wamezileta mashine zao zote mbili, nyaya za kamera zikiwa bado zimechomekwa, na kuziunganisha nayo. Kumbe ili ndugu hawa wapatane alihitajika mtu wa tatu wa kumla.

"Simu yangu niliacha kwa baraza, kwa chaji, saa nane kamili," Katsuva aliniambia. "Saa tisa haiko. Angalia weye mwenyewe."

Kwanza wakanionyesha picha za lango, za mashine ya Hippolyte. Mama Ketsia alitoka na bidoni, dumu la maji, saa sita na nusu. Alirudi saa nane kamili. Kisha wakanionyesha picha za baraza, za mashine ya Katsuva, ambayo inaona ngazi na ua lakini si pale penye chaji: saa nane na robo Mama Ketsia anashuka ngazi na beseni, juu yake kitambaa.

"Anaingia saa nane, robo saa nyuma yake anashuka na beseni," Hippolyte alisema. "Ushahidi, preuve gani ingine munataka? Mashine haidanganyake."

Mama Ketsia alikuwa amesimama mlangoni, kitenge chake bado kimelowa. Ketsia alikuwa amemshika mkono.

"Papa Katsuva, saa nane mi nilikuwa ku robine ya maji, kwa mustari," alisema. "Ile beseni ni manguo yenu. Nilizitosha inje kuanika, mbele ya kwenda ku maji. Na kurudi nilirudi na mvua."

"Saa iko inaandikwa pale!" Katsuva alipaza sauti. "Weye unajua kusoma? Quatorze heures quinze, saa nane na robo!"

Halafu akanigeukia mimi. Akasema mimi ni mwanamke, nimpekue. Tena uani, wao wote waone, nisije nikamfichia.

Ningeweza kukataa. Kila siku nakataa mambo madogo kuliko hilo. Nikipunjwa mita moja ya kitambaa sokoni, soko zima linajua. Lakini nilikuwa nimechoka, nimelowa, na nambari zile kwenye kioo zilinitazama kama karatasi ya serikali. Nikamfungua Mama Ketsia kitenge uani mbele ya kaka zangu, mbele ya mtoto wake na mbele ya kamera zote tatu. Nikapitisha mikono kifuani, kiunoni, chini ya sketi ya ndani. Alisimama wima, akatazama ukuta. Ketsia alianza kulia, nami nikamfokea anyamaze. Nilimfokea mtoto! Hilo nalo nililifanya.

Sikupata kitu.

"Ameshaipitisha inje," Katsuva alisema. "Leo leo atoke kwetu."

Mama Ketsia akajifunga kitenge, akaenda chumbani kwake kufunga mizigo. Mimi nikaingia kwangu kuwasha mashine yangu. Sikuenda kumtetea, niseme ukweli. Nilitaka kuona kama simu ilipitia jikoni kwangu, ili nipate kuhakikisha kwamba mikono yangu haikufanya kazi ya bure.

Nikaona mvua ikianza. Kamera yangu inaona rafu za jikoni na, mlango ukiwa wazi, inaona ua mzima. Mvua ilianza saa tisa kasorobo, na nilikumbuka vizuri, maana nilikuwa nafunika vitambaa vyangu sokoni huku nimetazama saa. Mama Ketsia aliingia na bidoni kichwani saa tisa kamili, maji yanamchuruzika.

Saa tisa. Si saa nane.

Nikarudi sebuleni mbio, nikamnyang'anya Hippolyte kidhibiti chake. Nikatafuta mvua kwenye mashine yake: ilianza saa nane kasorobo. Nikatafuta mvua ile ile kwa Katsuva: saa kumi kasorobo. Mvua ni moja! Mashine ya Katsuva ilikuwa bado inahesabu saa za Kampala, saa moja mbele yetu. Ya Hippolyte ilikuwa bado inahesabu za Kinshasa, saa moja nyuma. Hakuna aliyezirekebisha, maana kila mmoja aliamini mwenye kosa ni mwenzake. Mama Ketsia alishuka na beseni saa saba na robo, akaenda kuchota maji saa saba na nusu, na simu ilipowekwa barazani alikuwa kwenye foleni.

"Na macho yenu yalikuwa wapi?" nikawauliza. "Hapa langoni amelowa chapachapa. Hapa kwenye ngazi ni mkavu, na jua linawaka! Robo saa tu, na mvua nzima ikakauka?"

Nilikuwa nawapigia kelele wao, lakini picha zile nilikuwa nimezitazama na mimi. Wote watatu tulisoma saa, hakuna aliyemtazama mtu.

Simu yenyewe? Kwenye mashine yangu, saa nane na nusu, mawingu yametanda, anaingia jikoni Katsuva mwenyewe na simu mkononi. Anaiweka nyuma ya gunia la makaa ili Hippolyte asiione, halafu anakwenda kulala na bia zake mbili. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaenda, nikaitoa, nikamtupia miguuni.

"Nilisahau," alisema. Neno hilo tu. Kisha akaanza kubishana na Hippolyte, saa ya nani ndiyo iliyopotosha zaidi.

Mama Ketsia alikuwa ameshatoka uani, beseni kichwani, Ketsia nyuma yake. Nikamwambia yote. Nikamwambia abaki, nikamwambia anisamehe, hata nikamshika mkono, akautoa taratibu.

"Bale batu benye kuchoma nyumba yetu hawakuniita mwizi," alisema. "Na kaka zako hawakunigusa, mama. Ni mikono yako."

Nikamuuliza anataka nini.

"Ile picha. Ile ya kunivua. Muitoshe ku mashine, ipotee."

Katsuva alisikia, akaja. Akasema haiwezekani: mashine hizi hazifuti kipande, ni kufuta yote au kuacha, na yeye hawezi kufuta yote kwa sababu ana ushahidi wake wa miezi minne juu ya Hippolyte. Hippolyte naye akasema hivyo hivyo, ana wake juu ya Katsuva. Mwanamke wa watu amesimama uani, uchi wake umelala ndani ya mashine tatu, na hawa wawili wanauonea huruma ushahidi wao!

Sijui kama nilitukana. Hippolyte anasema nilitukana sana. Najua tu kwamba nilichukua bisibisi, nikaanza na mashine yangu, nikafungua mfuniko, nikang'oa diski. Nikaenda sebuleni nikang'oa ya Hippolyte. Katsuva alinishika bega. Nikamwonyesha ncha ya bisibisi, akaniachia. Nikang'oa na ya kwake. Diski tatu, kila moja unene wa kitabu kidogo cha nyimbo. Nikazipeleka uani nikazitia ndani ya beseni la Mama Ketsia, katikati ya nguo zake.

Alizitazama, akazifunika. Akamshika Ketsia mkono wakaelekea lango.

"Mwizi!" Katsuva alipiga kelele kutoka barazani. "Musoki, mukamate! Iko anatoka na vitu vyetu!"

"Safari hii umesema kweli," nikamwambia. "Kamshitaki. Peleka picha."

Mama Ketsia hakugeuka kumtazama. Na mimi hakuniaga.