Baba wa Chemutai

Mwaka ule wa hamsini na nane, kwenye shamba moja la pareto juu ya Ndabibi, hapakuwa na mwanamke aliyetembea kama Jepkorir. Alipita katikati ya njia, na manyapara wenyewe walimpisha. Alikuwa mrefu, mkavu, na kauli yake ikishatoka hairudi. Jeruto, aliyekuwa ameolewa naye, alimheshimu na kumwogopa kwa pamoja.

Ndiyo, ameolewa naye. Kwa Wanandi hilo halikuwa ajabu. Mume wa Jepkorir alifariki bila kuacha mtoto, na Jepkorir hakukubali nyumba yake ifutike hivi hivi. Akaswaga ng'ombe zake mwenyewe hadi kwa kina Jeruto, akaposa kama mwanamume yeyote, akaoa. Watoto ambao Jeruto aliwazaa na mwanamume wa nje wakawa wa Jepkorir, na yeye akawa baba yao, kwa mila na kwa mifugo. Chemutai, binti mkubwa, alimwita baba tangu alipojua kusema. Lakini shambani pale palikuwa na watu wa kila kabila, na vicheko vyao vilimchoma Jeruto. Akiulizwa mtoni mumewe yuko wapi, aliinama akajifanya anasugua debe.

Kisha serikali ikaleta mpango wa pesa. Mwenye shamba atakayemjengea mfanyakazi mwenye jamaa nyumba ya mawe na mabati, badala ya vile vibanda vya nyasi, atapewa fungu kila mwaka. Na baba atakayemwacha mtoto asome shule ya shamba, badala ya kumpeleka kuchuma maua ya pareto, naye atapewa shilingi zake kila muhula. Ukiusikia hivyo utasema haki imetendeka. Lakini fungu la mwenye shamba lilikuwa nono, la mzazi lilikuwa la kuonja tu. Anayekesha na mtoto mwenye homa ni mzazi. Sijui tajiri alikuwa anakesha na nani.

Mwenye shamba alikuwa mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Kofia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake. Nyumba zake zilipokuwa tayari, akajikuta amepungukiwa na jamaa moja ya kujaza safu. Akaja mwenyewe hadi kibandani kwa Jepkorir.

"Hapa nani baba?" akauliza.

"Ni mimi."

Kofia alicheka hadi akashika mbavu. Halafu akalikumbuka fungu lake, kicheko kikakauka. "Haya. Wewe baba. Chukua nyumba."

Jeruto alikuwa pale pale na mtoto mdogo mgongoni, akasikia kila neno.

Wakahamia kwenye mawe na mabati, na Chemutai akaanza shule. Alikuwa mtoto wa kushika mambo upesi, jioni akiwaandikia wazazi wake majina yao kwa makaa ukutani. Lakini mikono yake ilikosekana kwenye pareto, na madebe ya Jeruto yakapungua. Ada ilipofika ikawa ni kusubiri zile shilingi za serikali. Zisipokuja, Chemutai atarudi shambani na kikapu chake. Hilo Jeruto alilijua, na lilimnyima usingizi.

Siku ya malipo meza iliwekwa nje ya banda la kukaushia maua. Bwana shauri, afisa wa serikali aliyeleta pesa, alikuwa kijana wa kizungu mwenye pua iliyobabuka kwa jua, na kando yake aliketi karani wake, Wamalwa, akiita majina ya akina baba. Waliitwa wote, wakapokea, wakatabasamu. Jina la Jepkorir halikuitwa. Akaenda mezani bila kuitwa.

Kofia, aliyekuwa amesimama nyuma ya mgeni wake, aliona aibu inamjia mbio. Angeanzaje kumweleza bwana shauri kwamba baba ni huyu mwenye rinda?

"Hapana," akasema. "Wewe bibi. Hii pesa ya baba. Kwenda, hapana leta mchezo hapa."

Watu wakaangua kicheko. Jeruto alitamani ardhi ipasuke immeze. Jepkorir akasema, "Sawa," akageuka, akaondoka katikati ya njia kama kawaida yake.

Jeruto akamfuata huku machozi yakimlengalenga. Alipofika nyumbani alimkuta Jepkorir anaburuta kitanda kukitoa mlangoni.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nyumba hii alijengewa baba. Mimi nimeambiwa si baba. Shika upande ule."

"Na mvua? Tutalala wapi na watoto?"

"Jeruto, shika upande ule."

Akashika. Walitoa kitanda, sufuria, vibuyu vya maziwa, ngozi za kulalia, hata mawe ya jikoni. Vyote vikapangwa kando ya njia. Jepkorir akaketi juu ya kitanda, akanyoosha rinda lake, akangoja. Alijua bwana shauri hangeondoka bila kukagua nyumba zile, maana bila ukaguzi Kofia hapati fungu lake. Mwanamke yule hakujua kusoma wala kuandika, lakini alijua pa kumshika mtu mwenye tamaa.

Gari likaja polepole, likasimama. Wachumaji waliokuwa wanacheka kule wakafuata kwa miguu kuona mwisho wake.

"Mbona nyumba hii ni tupu?" bwana shauri akauliza. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mwenyeji wake.

"Haina baba," akajibu Jepkorir. "Mwulize huyo. Amesema sasa hivi."

Uso wa Kofia uliiva. Nyumba moja tupu, na mgeni ameiona kwa macho yake! "Iko baba," akasema haraka. "Yeye baba. Yeye, yeye. Shamba yote najua."

"Huyu mama?"

"Baba kabisa."

Bwana shauri akamtazama Kofia, akatazama kitanda, akaona kuna mtu anadanganya ila hajui ni nani. Akamgeukia Jeruto.

"Wewe ndiye mama wa watoto? Niambie. Mume wako ni nani?"

Waliokuwapo ni wale wale wa mtoni. Jeruto akahisi shingo yake inaanza kuinama kama ilivyozoea. Ndipo akamwona Jepkorir juu ya kile kitanda, amekaa wima, amejianika yeye na umri wake mbele za watu kwa ajili ya daftari la mtoto, na hakumwangalia Jeruto kumwomba lolote. Moyo wa Jeruto ulijaa. Aliona fahari ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe, na shingo ikakataa kuinama.

"Ni yule," akasema, akinyoosha mkono ili hata wa nyuma waone. "Yule aliyekalia kitanda. Alinioa kwa ng'ombe zake. Ndiye mume wangu, na ndiye baba wa Chemutai."

Hakuna aliyecheka. Wamalwa akamnong'oneza mkubwa wake maneno mawili matatu juu ya mila ya Wanandi, na bwana shauri akafungua mkoba, akamhesabia Jepkorir shilingi zake.

Jepkorir alizipokea bila kuinuka, akamkabidhi Jeruto zote. Kisha akamgeukia Kofia.

"Sasa baba anarudi ndani," akasema. "Shika upande ule."

Na Kofia akainama, akashika.