Msomaji Hodari wa Chumba cha Mwisho

Mwalimu wa chumba cha mwisho alijipalia makaa mwenyewe. Chumba hicho kilikuwa stoo ya madawati mabovu kabla ya kupewa watoto sita ambao masomo yaliwashinda. Aliposikia mkaguzi anakuja, na kwamba darasa lisilo na matunda litafungwa, akamteua Kasuku asome mbele yake.

Kasuku alikuwa binti wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alibandikwa na wenzake, na watoto wakiamua kuwa wabaya huwa hawakosei shabaha. Kusoma kwa sauti kwake kulikuwa kama kunywa maji. Ila ukimuuliza amesoma nini, anakutazama tu. Huko darasa kubwa alikotoka alichapwa kwa kila swali, hata akawa anashinda amejificha chooni.

Mwalimu alimpatia dawa yake: asome sentensi moja, afunike kitabu, achore kilichotokea, ndipo afunue nyingine. Baada ya mwaka mzima wa penseli, binti aliweza kueleza aya moja fupi. Mwalimu alifurahi kama mzazi aliyeona jino la kwanza.

Siku ya ukaguzi penseli zilibaki kabatini. Kuchora kunakula muda, mwalimu alijiambia, na mgeni ana haraka zake. Ukweli ni kwamba alitaka sifa.

Binti akasoma kurasa mbili mfululizo. Mkaguzi akavua miwani.

"Huyu mnamweka huku kwa nini?"

"Anasoma, mzee, lakini haelewi. Hebu muulize..."

"Mwalimu, masikio ninayo."

Mwalimu akaanza kueleza habari za michoro, lakini faili lilishafungwa.

Wiki iliyofuata mama yake binti, fundi cherehani asiyejua kusoma, alikuja na barua kutoka ofisini, vipande vya uzi vingali begani. Mwalimu alinyoosha mkono aipokee. Mama akampa binti yake.

"Nisomee wewe, mama. Na mwalimu wako asikie."

Binti akasimama wima. "Mwanafunzi ameonekana kumudu kusoma. Nafasi yake katika chumba maalumu imefutwa. Kuanzia Jumatatu atarudi darasa lake la awali, lenye wanafunzi tisini, na hatapewa msaada wowote wa ziada. Uamuzi huu hautabadilishwa."

Hakukwama hata mahali pamoja. Mama alikuwa ameelewa kabla barua haijafika nusu. Alijishika kwenye dawati, akakaa polepole, akamtazama mwalimu. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hili la mwalimu angelila mtoto wa mwenzake.

Binti akaikunja barua vizuri, akatabasamu.

"Nimesoma vizuri, mwalimu?"

"Umesoma vizuri sana, mwanangu," mwalimu alijibu.