Dirisha Nyuma ya Kabati

Kabati la sebuleni lilipoinuliwa, mgongo wake ulibaki ukutani. Fundi Ntirang na mwenzake walilishika huku na huku, wakanyanyua kwa pamoja, na kilichobaki mikononi mwao kilikuwa mlango wa kioo, droo na vumbi jekundu. Mchwa walikuwa wamelila polepole kwa miaka mingi, wakaacha rangi ya nje tu.

"Mama, hizi si mbao tena," Ntirang alisema akisugua vidole. "Huu ni unga. Lete sukari tukoroge uji."

Boitshepo hakucheka. Alikalia ndoo ya rangi akashika kichwa.

Kabati lile lilikuwa la marehemu baba mkwe wake. Mzee alilinunua enzi za nguvu zake, aliporudi kutoka migodi ya Afrika Kusini, likapitishwa mlangoni kwa tabu na kujaa ukuta mzima. Hakuna mgeni aliyeingia nyumba ile mjini Kanye bila kuonyeshwa vioo vyake, na sahani za maua ambazo hakuna aliyewahi kuzilia chakula. Mzee alipofariki, mjane wake, MmaMothusi, aliendelea kulifuta vumbi kila asubuhi, na hakuna aliyethubutu hata kuliegemea.

Sasa MmaMothusi alikuwa mbali, Maun, amekwenda kumlea binti yake aliyejifungua. Boitshepo na mumewe Mothusi waliona ndiyo nafasi ya kuikarabati sebule, mama akirudi akute dari mpya, rangi mpya na vigae sakafuni. Kabla ya kurudi kazini kwake mgodini Jwaneng, Mothusi aliweka sharti moja.

"Fanya utakalo, mke wangu. Lakini kabati la Baba lisiguswe."

Fundi alishauri vigae viishie miguuni mwa kabati. Boitshepo akaona sebule itakuwa kama mtu aliyenyolewa kichwa upande mmoja. Alikuwa mwalimu, shule zimefungwa, ana muda wa kusimamia kila kitu. Akaamua lisogezwe kidogo tu, vigae vipite, lirudishwe mahali pake. Nani angejua?

Ntirang alipobandua mabaki ukutani, nyuma yake palitokea dirisha. Dirisha zima, la fremu ya chuma, vioo vimefunikwa na utando wa buibui. Kwa nje lilikuwa limegongomelewa bati, na tangu aolewe Boitshepo alidhani bati lile linaficha ufa. Ntirang akatoka na nyundo, akaling'oa. Mwanga ukaingia sebuleni kama mgeni asiyebisha hodi, na Boitshepo, pamoja na hofu yake, akajikuta amesimama katikati ya chumba akiugeuzia uso.

Jioni alimpigia mumewe simu. Akamweleza yote.

"Usimwambie Mama," alisema Mothusi. "Nakuja mwisho wa wiki. Tutatafuta lingine kama lile."

Jumamosi walikwenda mjini Lobatse. Dukani Mothusi alisimama mbele ya kabati refu, jeusi, linalong'aa kama kiatu cha askari. Alikuwa akilipapasa mlango taratibu.

"Hili hapa," alisema. "Hata Baba angelipenda."

"Litaziba dirisha," Boitshepo alisema.

"Dirisha gani? Juzi hatukuwa na dirisha pale."

"Lilikuwepo, Mothusi. Ila tulikuwa hatulioni."

"Wewe ndiye uliyevunja, halafu wewe ndiye unayechagua?"

Muuza duka, aliyekuwa amewakaribia akitabasamu, aligeuza njia kimyakimya akaenda kupanga magodoro. Walirudi Kanye mikono mitupu, kila mmoja akitazama upande wake wa barabara.

Walikuwa hawajaingia ndani simu ilipolia. Ni dada yake Mothusi, kutoka Maun.

"Mama yuko kwenye basi tangu asubuhi. Kasema kelele za mtoto zimemtosha, anataka kitanda chake."

Ugomvi wote ukayeyuka. Wakafagia, wakapiga deki vigae vipya, wakazipanga sahani za maua juu ya meza kana kwamba hapo ndipo zilipozaliwa.

"Nitasema kabati liko kwa seremala, linatengenezwa," Mothusi alinong'ona. "Wewe itikia tu."

MmaMothusi aliingia na mfuko wa samaki wakavu, magoti yakimlalamikia. Akasalimiwa, akavuliwa mtandio, kisha akasimama. Macho yake yalikuwa ukutani.

"Kabati liko wapi?"

"Liko kwa fundi, Mama," Mothusi alisema haraka. "Lilikuwa limelegea kidogo. Analitengeneza."

"Fundi gani huyo?"

"Yuko... huko chini, Mama."

"Mpigie simu aache!"

Mothusi akatoa simu mfukoni, asijue ampigie nani.

"Mwambie aache, mwanangu. Na kama ameshaanza, mwambie ni lake, nimempa. Alichome, alifugie kuku, shauri yake. Lisirudi humu."

Boitshepo akamsogelea. "Mama, hakuna fundi. Liliniharibikia mkononi. Mchwa walikuwa wamelimaliza. Nisamehe."

"Nikusamehe?" MmaMothusi alikwisha fika dirishani, ameweka viganja vyote kwenye kizingiti. "Mkwe wangu, nilikuja humu bi harusi na hili dirisha likiwa langu. Hapa nilikuwa nikichambua mboga nikipiga soga na MmaSebina, yeye kwake, mimi kwangu. Mzee akaja na limnyama lake, akaliweka papa hapa. Bila kuniuliza."

"Lakini Mama," Mothusi alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kidogo, "Baba alilinunua kwa ajili yako."

"Najua. Ndiyo maana nilinyamaza. Mtu amekaa chini ya ardhi miaka, anakuletea zawadi, utamwambia sitaki?" Alishusha pumzi. "Alipofariki, nyinyi mkaanza, kabati la Baba, kabati la Baba. Nikasema basi, nitakufa nalo."

Boitshepo aliangua kicheko kwa nguvu hata akalazimika kukaa, na chozi moja likapenya humohumo. Kumbe wangeuliza tu! Mothusi naye akatikisa kichwa, akamtazama mkewe kwa mara ya kwanza tangu Lobatse, mabega yake yakashuka.

"We MmaSebina!" MmaMothusi aliita nje.

Upande wa pili wa ua mwanamke mzee aliinua kichwa kutoka kwenye beseni la nguo. "Heh! Unaongelea wapi, mchawi wewe?"

"Njoo ule samaki! Tena utalia kwenye sahani ya maua!"

Mothusi alikwenda kukoka moto. Boitshepo, sasa amejifunza, alimletea mama mkwe kiti na kumuuliza kabla ya jambo lolote jingine: angependa viti vya aina gani?

"Vya mbao, vyenye mikono ya kujiinulia. Yale masofa ya kuzama msininunulie, nitahitaji ng'ombe wa kunivuta."

"Na ukuta wa jikoni? Tulifikiri kuubomoa, pawe wazi."

"Huo uacheni," alisema MmaMothusi. "Nitawasengenya wapi?"